Nisomee Barabara

Mpakani, upande wa kwetu bado
Tarehe 3 Machi

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza na wa pekee,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kwenye cherehani yako na si kitandani, na kwamba kile kikohozi kimeshaaga. Mwambie Mama nimevaa soksi kama alivyoagiza. Mwambie dada asijifungue kabla sijarudi, maana nataka kuitwa mjomba nikiwapo.

Huku sote ni wazima: mimi, Mjomba na vioo. Naviweka vioo kwenye salamu kwa sababu ndivyo ninavyovisikia kutwa. Ni vya madirisha ya hospitali moja mpya, nchi ya tatu ukihesabu na yetu. Vimesimamishwa kwenye fremu za mbao, vimezungushiwa majani makavu na magunia, na juu tumefunga turubai. Gurudumu likiingia shimoni, huko nyuma vinanong'ona. Mjomba anasema vioo vikinong'ona ni vizima, vikinyamaza ndipo uogope. Mimi naogopa vyote viwili.

Unajua sikutaka kuja. Nimezoea karatasi zinazokaa mezani zikatulia. Lakini bosi aliniita, akasema utingo wa Mjomba ameacha kazi, na makaratasi ya mipaka yanataka mtu aliyesoma, na kwa kuwa Mwewe ni mjomba wangu, tutaelewana. (Kumbe kazini hakuna anayemwita Mjomba kwa jina. Wote ni Mwewe, Mwewe, kwa sababu zamani alikuwa anaona kizuizi cha askari kabla askari wenyewe hawajakiweka.) Yule utingo nilimkuta getini anachukua blanketi lake. Nikamuuliza kwa nini anaacha kazi nzuri. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, akasema, "Wewe si una macho? Nenda." Nilidhani ananidhihaki.

Leo tumeshinda kwenye foleni ya mpaka. Kadi yangu ya chanjo nimeitoa na kuirudisha mfukoni mara nyingi mpaka imelegea kama jani la mboga. Nilipofika dirishani, afisa akasema, "Kijana, mbona unatetemeka? Umebeba nini?"

"Vioo, mheshimiwa."

"Basi tetemeka polepole, usije ukavivunja."

Foleni nzima ilicheka. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu na mzigo wa kandambili alinigusa bega akaniambia, "Mwanangu, mpakani usioneshe meno wala machozi." Akanipa nafasi niketi juu ya mzigo wake. Tulipogongewa mihuri alienda zake, hata sikumuuliza anakotoka.

Mjomba ananifundisha kazi. Anaiita kusoma barabara. Mimi nakaa pembeni yake na kutaja kila kilicho mbele: kibao, kona, shimo, punda, baiskeli, mama na kuni. Nikinyamaza kidogo anasema, "Nisomee, karani, nisomee." Anasema asiyejua kuisoma barabara si msafiri, ni mzigo. Koo limenikauka, lakini nadhani naendelea vizuri, maana hajanisahihisha hata mara moja.

Nina swali dogo tu. Jua likianza kulegea, Mjomba anatafuta pa kuegesha. Madereva wengine wanatupita wanapiga honi na kucheka. Anasema gari nalo linachoka. Je, amekuwa hivi siku zote? Nauliza tu.

Ukiniandikia, mpe barua dereva yeyote wa kampuni. Wataiacha kwa Mama Mizani, mwenye nyumba ya wageni karibu na mizani ya malori huko mbele. Ana bati la biskuti ambamo madereva huwekeana barua.

Mumeo,
Karani

~

Nyumbani
Tarehe 14 Machi

Mume wangu mwoga,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjwa mpaka nikadhani ni hirizi. Nimeisoma mwenyewe, na maandishi haya makubwa ni yangu, kwa hiyo usiulize nani amekusaidia kunicheka.

Kikohozi kimekuwa mpangaji: hakilipi kodi wala hakihami. Mama yako sasa anakwenda kwa jirani bila fimbo, ila kurudi anaitaka, maana huko anakaa mpaka miguu inasahau kazi yake. Dada yako tumbo limeshuka. Mkaza mjomba wako anakuja kila jioni. Anakaa kwenye benchi langu, anakata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo nilizomaliza, hasemi kitu, kisha anaondoka.

Umeuliza habari ya mjomba wako na jua. Nashona sare za shule siku hizi. Kitambaa cha mwaka huu ni kibaya, ukikipiga pasi kinajikunja kama kimetukanwa. Na watoto wamerefuka wote kwa pamoja, kama wamekula njama dhidi yangu.

Wewe msomee mjomba wako barabara, kama alivyokwambia. Usisinzie. Ukichoka, ongeza sauti. Hata kibao kikiwa cha tangazo la sabuni, msomee. Tulikupeleka shule ili ukae kimya?

Na usimsumbue bosi kwa kumwandikia vijambo vya njiani. Bosi ni mtu wa mambo makubwa.

Kula. Usinywe maji ya kila bomba.

Bibi yako, mke wako, na fundi wa suruali uliyovaa

~

Kwa Mama Mizani, nchi ya pili
Tarehe 27 Machi

Bibi,

Shikamoo. Bati la biskuti lilikuwa na barua yako, nami nilifurahi hadi Mama Mizani akaniuliza kama nimeandikiwa na mchumba. Nikamwambia ndiyo, ni mke wangu, fundi wa nguo, ana kikohozi. Akanihurumia sana.

Huku lugha imebadilika. Mpaka tuliouvuka ni kamba tu na kibanda, lakini upande huu sielewi hata mtu akinitukana. Juzi niliomba chumvi kwa mikono nikaletewa sabuni. Mkate wao ni mrefu, wanaubeba kwapani. Chumba tunalala wanne: sisi wawili, mwalimu mmoja anayekwenda kumwona binti yake aliyeolewa mbali, na muuza saa anayezitegesha zote zilie kabla ya jua. Kunguni ndio wenyeji, sisi ni wageni wao. Mwalimu ananifundisha maneno ya huku. Neno la kwanza alilonifundisha ni "samahani". Amesema msafiri akiwa na hilo moja atafika popote.

Nimezungumza mengi ya pembeni, Bibi, kwa sababu la katikati naliogopa.

Wiki iliyopita tulipita mahali wanapotengeneza barabara. Nilikuwa nimeinama natafuta kalamu iliyoanguka miguuni. Mtu wa bendera nyekundu alikuwa amesimama katikati ya njia, na fulana yake ya rangi ya chungwa ungeiona ukiwa umelala. Lori halikupunguza mwendo. Niliinua kichwa nikamwona akitupa bendera na kuruka mtaroni. Makelele ya vibarua wenzake ndiyo yaliyomfanya Mjomba akanyage breki. Vioo vikanyamaza, vyote.

Mjomba hakumtazama yule mtu. Alinigeukia mimi. "Kwa nini hukusoma?"

Mtu wa bendera akaja dirishani na vumbi lake. Anaijua lugha yetu kidogo. "Mzee, bendera ni nyekundu! Ulitaka nivae gauni?"

Mjomba akacheka, akaomba radhi, akachukua karanga zetu kwenye karatasi, akanyoosha mkono ampe. Bibi, aliipa hewa. Yule mtu ilibidi asogee pembeni azipokee. Akanitazama mimi, akaenda kuokota bendera yake.

Usiku ule sikulala. Asubuhi tulishika njia iliyonyooka kama rula, uwanda mkavu kila upande, hakuna mti wala mtu. Nilisoma kama kawaida. Kisha nikasema, "Daraja jembamba mbele. Punguza mwendo."

Mjomba akapunguza. Akashusha gia, akauinamia usukani, akapita taratibu kabisa, kama mtu anayepita kando ya mgonjwa aliyelala.

"Tumevuka?"

Nikasema tumevuka.

Hapakuwa na daraja, Bibi. Hapakuwa na hata mfereji.

Yeye ndiye aliyenilipia shule. Viatu vyangu vya kwanza vya ngozi alivileta kwa lori hili hili. Nikimwandikia bosi, Mwewe hana kazi, na mkaza mjomba na watoto wanakula nini? Nisipomwandikia, mbele yetu kuna mpaka mwingine, na baada ya mpaka kuna mteremko ambao madereva hapa wakiutaja wanashusha sauti.

Katika barua yako hukujibu swali langu. Nalirudia: amekuwa hivi siku zote? Na wewe ulijua?

Nimempa barua hii Kijiko, dereva mwenzake Mjomba, anarudi nyumbani mara moja kupakia. (Wanamwita Kijiko kwa sababu sahani ya mtu haimpiti.) Mpe jibu mkononi, atatufuata nyuma.

Mjukuu wako

~

Mpaka wa pili
Tarehe 7 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo.

Mpaka umefungwa. Hakuna anayejua sababu. Mmoja anasema ni karatasi mpya, mwingine anasema mkubwa wao ana msiba. Malori yamejipanga mpaka mwisho siuoni. Watu wameanza kuishi: wanafua, wananyoana, kuna waliogombana na kupatana na kugombana tena. Kinyozi amechomeka kioo chake kwenye bampa letu. Nimekuwa mwandishi wa foleni, asiyejua kuandika ananijia nimjazie karatasi zake, na wote wananiuliza lini watafungua, kana kwamba kalamu inajua.

Nimezungumza na Mjomba. Tulikuwa bombani, tunafua mashati.

"Mjomba," nikasema, "lile daraja la siku ile halikuwapo."

Akaendelea kukamua shati. "Najua. Daraja lina sauti yake chini ya magurudumu. Nilijua tulipokuwa juu yake."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Akalikung'uta shati, akatafuta kamba ya kuanikia kwa mkono, akaipata. Ndipo akaniambia kwamba jicho la kushoto liliingia ukungu tangu mvua zilizopita. La kulia linalifuata, ndugu hawaachani. Mchana mkali anaona umbo la barabara. Jua likilegea anaona weupe mtupu kama maziwa.

"Nani anajua?"

"Utingo. Sasa wewe." Akalianika shati. "Na aliyemwomba bosi akupe safari hii."

Nikamuuliza ni nani huyo.

"Nguo za mke wa bosi anashona nani?"

Sikumuuliza zaidi, wala wewe sikuulizi. Nakupa tu habari za hali ya hewa. Ni joto.

Anasema mteremko anaujua tangu kabla mimi sijazaliwa, miguu yake inaukumbuka. Anasema tukishafikisha vioo hivi ataegesha, hii ndiyo ya mwisho. Madereva wenzake, nikiwauliza mteremko una vibao vingapi, wanacheka. "Karani, kule hakuna cha kusoma. Kule unausoma ukungu."

Nimeanza kumwandikia bosi. Nimefika kwenye "Kwa heshima" nikachana. Nimeanza tena, nikachana. Kinyozi ameviokota vipande, anafutia wembe.

Mjukuu wako

~

Nyumbani
Tarehe 11 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Kijiko ameniletea barua yako ya tarehe ishirini na saba. Amekula hapa mara mbili, na sasa anapakia. Nyingine kutoka kwako sijaiona.

Dada yako amejifungua mtoto wa kike, mzima, ana mapafu ya mnadi. Hakukungoja. Wewe ni mjomba sasa. Mjomba si jina la kuitikia tu, ni kazi.

Ulimtengenezea mwanangu daraja la uongo. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Sikiliza habari ya sindano. Tangu akiwa mdogo, akiingia kwangu nampa sindano anitungie uzi, maana macho yangu yalitangulia kuzeeka. Hata akiwa na ndevu, hata akiwa na watoto, anaingia, "Shikamoo Mama," anatunga, anakaa. Mvua zilipokuwa zinaisha alikuja. Nikampa sindano. Akalamba uzi. Akauchomeka pembeni. Akalamba tena, akauchomeka pembeni upande wa pili. Mwisho akaniambia, "Mama, nimechoka." Nikamwambia lala kidogo. Akalala. Nami nikamwita mtoto wa jirani akanitungia.

Basi, ni hiyo tu.

Kuna jambo nilimwambia mke wa bosi siku nilipokuwa nampima kiuno. Ukirudi nitakueleza. Au sitakueleza.

Mteremko huo sitaki ushukwe naye akiwa kwenye usukani. Sijui utamzuiaje. Mwanangu nikimkataza huwa anaitikia vizuri, kisha anafanya. Hata baba yake alikuwa hivyo, na huyo alikuwa na macho yake yote.

Mkaza mjomba wako bado anakata nyuzi. Jana alikata na zisizotakiwa kukatwa. Sikumwambia.

Bibi yako

~

Hospitalini, nchi ya tatu
Tarehe 23 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Tumefika. Naanza na hilo ili usome haya mengine umeketi vizuri. Hongera za kitukuu. Nimeitangaza habari yake jikoni, bustanini na kwa mlinzi wa geti, wote wananiita mjomba, na kila nikiitwa nageuka kumtafuta mwenyewe.

Barua yako ya sindano haikunikuta kabla ya mteremko, Kijiko alinipa tulipokwisha kushuka. Nataka ujue hilo. Nilichofanya nilikifanya bila wewe.

Mpaka ulifunguliwa ghafla kama ulivyofungwa. Tulipanda mlima siku nzima, tukalala juu, mahali malori yanapopoza injini. Asubuhi ukungu ulikuwa umekaa barabarani kama una hati ya kiwanja. Mjomba akapapasa matairi, akajaribu breki, akapanda. Mimi nikapanda upande wangu. Akawasha.

"Haya, karani. Nisomee."

Nikanyamaza.

"Kuna nini mbele?"

Sikujibu.

"Umelala?"

"Sijalala, Mjomba."

"Basi soma."

"Sisomi."

Bibi, sauti nilikuwa nayo. Usidhani hofu iliniziba koo. Hofu ilikuwapo, na tangu nizaliwe sijaiona siku ambayo haipo, lakini siku hiyo ilikuwa imekaa pembeni, inangoja kuona nitafanya nini. Kuandika kwa bosi nilishindwa. Funguo nisingeweza kumnyang'anya, na kuendesha sijui. Kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho lori hili lilikihitaji ni mdomo wangu.

Akanitukana. Alisema mimi ni mwoga tangu tumboni. Alisema walisomesha mtu wakapata bubu. Nikasema, "Ndiyo, Mjomba." Akaachia breki, lori likaanza kwenda polepole lenyewe ndani ya ule weupe. Nilijiziba mdomo kwa mkono, maana ulikuwa unataka kusema kwa mazoea. Kona ya kwanza niliiona inakuja. Sikuisoma. Kisha upande wangu magurudumu yakaacha lami, yakaanza kutafuna kokoto, na kokoto moja ikaanguka, nasi sote wawili tukaisikiliza ikianguka, na hatukuisikia ikifika.

Akakanyaga breki. Akazima injini.

Vioo vikanyamaza. Mwisho Mjomba akasema, kwa sauti ndogo sana, "Hata vyenyewe vimeogopa." Akaweka paji la uso kwenye usukani. Mimi nikatazama nje, kwa sababu hakuna aliyenifundisha kumtazama mjomba wangu namna hiyo.

Nyuma yetu ikalia honi. Alikuwa Kijiko, amepakia na ametufuata kama alivyoahidi. Akaja kwa miguu, mkono kwenye ubavu wa lori asipotee. "Mwewe! Umeota mizizi? Malori yanataka kupita!"

Mjomba akainua kichwa. "Kijiko, unaweza kutushusha?"

Kijiko alifungua mdomo wa kutania. Akanitazama. Akaufunga. "Sogeeni," akasema. "Kuna mkate humo ndani?"

Kijiko na madereva wa nyuma waliturudisha juu kwanza, mmoja akiongoza kwa tochi. Kijiko akaegesha lori lake juu, akapanda kwetu, akala mkate wetu wote, akatushusha. Mimi nilikaa katikati, Mjomba dirishani, mahali pangu. Tulipofika katikati ya mteremko, ukungu ukakatika.

"Soma," akasema Mjomba.

"Hakuna vibao, Mjomba."

"Nani ameuliza vibao? Nimeshuka hapa maisha yangu yote, macho kwenye lami. Huko chini kuna nini?"

Nikamsomea. Mashamba yamepangwa vipande vipande kama viraka vyako. Kuna mto mwembamba. Kuna mama anaanika mashuka mekundu juu ya mawe. Kuna paa jipya la bati linalong'aa, nadhani ndiyo hospitali yetu. Kuna wingu liko chini yetu, Mjomba, sisi tuko juu yake. Akawa anaitikia, "Ehee. Ehee." Kwenye bonde moja kulikuwa na lori lililoanguka zamani, mti umeota katikati ya kabini yake. Hilo sikumsomea. Kijiko naye aliliona, akatafuna polepole.

Vioo vimefika vizima, isipokuwa kimoja kilichopata ufa kwenye kona. Msimamizi wa hospitali amesema hicho atakiweka stoo.

Jioni Mjomba akaniambia, "Lete karatasi. Mwandiko wako, maneno yangu." Nikaandika kwa bosi: Mwewe ametua. Atafutwe mwingine. Vioo vimepokelewa. Sikuongeza wala sikupunguza. Akaweka sahihi mwenyewe. Jina lake lilianzia kwenye karatasi, likaishia mezani.

Daktari wa macho hapa hayupo bado. Anakuja wodi mpya ikifunguliwa, na wodi mpya ilikuwa inangoja madirisha tuliyoleta. Muuguzi amemmulika kwa tochi. Amesema ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa. Hilo ni la kushoto. La kulia alilimulika kwa muda mrefu zaidi, akazima tochi, akasema tumngoje daktari. Nilimuuliza mara mbili. Mara zote mbili alinijibu kwa adabu sana, na adabu ile ndiyo inayonikosesha usingizi.

Basi tunangoja. Mafundi wanaweka vioo. Mjomba anakaa uani, anasikiliza kila kimoja kikiingia mahali pake.

Jambo ulilomwambia mke wa bosi, usinieleze. Nimeshalijua, na nimeshalikasirikia, na kukasirika nako kumechoka.

Mumeo, mwoga yule yule

~

Nyumbani
Tarehe 6 Mei

Mume wangu,

Marahaba, na marahaba tena. Barua yako nimeisomea watu wote hapa, isipokuwa pale pa kokoto. Hapo nilijikohoza, nikaruka. Kwa mara ya kwanza kikohozi kimelipa kodi.

Mtoto anakua. Ana ngumi kama za bondia na anamtazama kila mtu kama anamdai. Mama yako ameivunja fimbo akimfukuza mbuzi, kwa hiyo tuseme amepona. Bosi amemtuma mtu kumwuliza mkaza mjomba wako habari za nyumba, na ametuma gunia la unga. Hajasema zaidi, nasi hatujauliza. Utingo naye alipita. Alisimama mlangoni, akauliza, "Wamefika?" Nilipomwambia mmefika, akakaa chini pale pale kizingitini.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha kitambaa cha sare. Nimekichomeka sindano, ile ya tundu dogo, si ile kubwa, na uzi mweusi nimeuzungusha pembeni. Daktari akishamaliza na bandeji ikishatoka, mpe mjomba wako mkononi. Usimwambie ni wapi tundu lilipo. Usimsomee. Kaa kando, uwe na kazi nyingine.

Akitunga, nirudishie sindano na uzi wake ukiwa ndani. Usiandike neno, nitaelewa.

Asipotunga, pia usiniandikie. Mshike mkono umlete. Mkaza mjomba wako jana amesema neno la kwanza tangu mwondoke. Amesema, "Mama, sogea kidogo." Nikasogea. Benchi ni refu, mume wangu, na nyuzi za kukata hapa hazijawahi kuisha.

Bibi yako